Bahari ya Birkat al Mauz

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya bahari iliyokuwapo Birkat al Mauz kabla dunia haijajua samaki. Ilipanda au ilishuka? Vijana wenzangu walikosa usingizi kwa ajili ya posa.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Nilikuwa na shahada mpya ya jiolojia na kazi ya majaribio katika ofisi ndogo ya Nizwa. Nilitumwa kuchora ukuta wa mawe ulioko kijijini Birkat al Mauz, katika wadi, yaani bonde la mto mkavu, juu ya mashamba ya migomba. Zamani ulikuwa mwamba wa baharini, stromatoliti, uliojengwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Utando wao ulinasa tope la chokaa, tabaka juu ya tabaka. Vilitaka mwanga, basi maji yakipanda polepole navyo hujenga kwenda juu, nguzo nyembamba. Maji yakiwa haba hutandaa kama mkate wa maji. Yakiondoka kabisa, utando hukauka ukapasuka kwa jua.

Mkuu wangu aliandika katika ripoti kwamba mwamba ule ulikufa kwa kuachwa na bahari. Mimi sikuona ufa hata mmoja. Niliona nguzo zikirefuka, zikikonda, kisha juu yake tope jeusi la maji ya kina kirefu. Vijidudu vilizama, maji yalivishinda mbio.

Lilikuwa jambo la kusema tu. Lakini mkuu alikuwa mtu wa Unguja, aliyecheza na marehemu baba utotoni. Mbele za watu tulisema Kiarabu. Tukibaki wawili, Kiswahili, na kwa Kiswahili mimi si mjiolojia, ni mtoto wa rafiki yake, naye kwangu ni ami, kama ndugu wa baba. Siku moja niliingia kwake nimejipanga kumpinga. Nikatoka na kikapu cha tende nimpelekee mama.

Ijumaa, siku moja kabla ripoti haijakwenda kuchapwa, nilimweleza mama yote.

"Hivyo vijidudu vimekufa?" akauliza.

"Zamani sana, mama."

"Na leo ndiyo wewe unavikalia matanga?"

"Ami ameandika sivyo."

"Yeye kaona nini huko?"

"Hakwenda. Magoti yanamuuma. Alitazama picha zangu."

"Sasa waogopa nini?"

"Huenda nimekosea mimi."

"Huenda. Basi nendeni mkabishane na mawe yenyewe. Mimi chai yangu yapoa."

Usiku ule nilitunga hotuba ya kuomba radhi, ndefu hata bahari yenyewe ikasahaulika ndani yake.

Jumamosi asubuhi nikaingia ofisini kwake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Ami, pale bahari haikuondoka. Ilipanda."

Akavua miwani. "Nani kasema?"

"Mimi," nikajibu, kwa sauti ndogo hata ikabidi nirudie. "Mimi. Twende ukaone mwenyewe kabla ripoti haijachapwa."

"Na magoti yangu haya?"

"Tutakwenda taratibu. Nitakushika mkono."

Alinitazama kama anayemtafuta baba usoni mwangu. Sikungoja ampate. Niliichukua ripoti mezani, nikatangulia nje, nikawasha gari kabla sijabadili mawazo.