Weris na Muuza Mahali

Jina lake kamili ni Weris Korane Abdihafid. Abdihafid, babu yake, ndiye aliyewavusha ngamia wa ukoo mzima Mto Tana mwaka wa njaa, maji yakimfika kidevuni, asipoteze hata ndama. Korane, baba yake, ndiye aliyemkatalia mzungu wa wilaya asiwahesabu wanyama wake, akafungwa, akatoka jela mnene kuliko alivyoingia, maana wafungwa wenzake walimpenda wakawa wanamgawia chakula chao. Na Weris mwenyewe ndiye aliyemfanya Mohamedamin, mfanyabiashara mkubwa wa Garissa, akiri kosa lake huku watu wa Kaskazini Mashariki yote wanamsikiliza. Hilo la mwisho ndilo ninaloandika hapa, kwa sababu vijana wanalisimulia vibaya. Wanasema alimroga. Hakumroga. Nimeuza naye maziwa meza moja miaka mingi, ninajua alichofanya.

Maziwa yetu yalikuwa ya ngamia, na ngamia hawakai mjini. Wafugaji walikama alfajiri, wakaleta mitungi barabarani, na Land Rover kuukuu ikaipitia, mitungi ikining'inia ubavuni kama kuku wanaopelekwa sokoni. Kila mama alikuwa na alama yake. Mtungi wangu ulifungwa uzi wa kijani, wa Weris kipande cha shuka nyekundu. Ilikuja imejaa, ikarudi mitupu, na pamoja na ile mitupu ndipo habari zilipopanda gari: nani amejifungua, ngamia gani anakohoa, nyasi zimeota wapi. Mtu akitaka kujua boma fulani limehamia wapi, alikuja kwenye meza yetu, akanywa kikombe, akauliza. Hatukumtoza mtu kwa jibu.

Ngamia wa Weris walikuwa mikononi mwa Kadar, kaka yake, upande wa Dadaab. Kadar alikuwa mtu wa mzaha na roho nyeupe. Mkewe alikwisha kufa, akamwachia binti mmoja, Ikran, aliyekuwa akisoma sekondari hapa mjini na kulala kwa shangazi yake Weris.

Mwaka wa tisini na nane, baada ya ile mvua kubwa iliyokata barabara zote, Mohamedamin alirudi kutoka Nairobi na vitu viwili. Wakati huo wakubwa wa Nairobi walikuwa wameanza kutembea na simu mkononi, lakini kwetu simu ilikuwa ya posta, ikikatika kila ng'ombe akijikuna kwenye mlingoti. Yeye alileta simu ya setilaiti. Ilikuwa kama mkoba, unafungua kifuniko na kukielekeza angani, kisha unaongea na ulimwengu. Cha pili kilikuwa vifaa vidogo vya kusoma mahali. Mtu anasimama popote porini, anasubiri kifaa kizione setilaiti zake, kisha kinamwandikia nambari. Nambari hizo ndizo mahali pale. Ukimpa mwingine kifaa chenye nambari zile, mshale unamwongoza mpaka anafika.

Basi akafungua ofisi karibu na soko la mifugo. Watu wake walizunguka kila boma wakichukua nambari. Mnunuzi wa mifugo aliyekuwa akihangaika porini wiki nzima sasa aliingia kwa Mohamedamin, akalipa, akaazimwa kifaa, akaenda moja kwa moja. Siwezi kusema uongo, jambo lile lilisaidia. Daktari wa mifugo aliwafikia watu ambao hakuwa amewafikia maisha yake yote. Mama mmoja aliyeshindwa kujifungua alifuatwa na gari mpaka mlangoni, na mtoto wake leo anacheza mpira.

Kwetu mtu akikuuliza uko wapi na nyasi zikoje, humdanganyi. Hata kama hampatani, humdanganyi, kwa kuwa kesho ni wewe utakayeuliza. Kwa hiyo mtu wa Mohamedamin alipofika kwa Kadar, hakuzuiwa. Kadar aliuliza kama setilaiti inamwona. Akajibiwa inamwona. Akasema, "Ngoja basi nifunge kikoi vizuri."

Hazikupita siku nyingi. Ukame ulikuwa umeanza. Lori lilitokea alasiri na watu waliofunika nyuso. Kadar alisimama kwenye mlango wa boma, wakampiga risasi hapo hapo. Ngamia waliswagwa kuelekea mpakani.

Weris alikwenda kumzika kaka yake. Baada ya mazishi aliwaacha wanawake wakilia, akafuata alama za magurudumu kwa mguu, peke yake, kurudi zilikotoka, kutoka bomani mpaka barabara kuu. Aliporudi mjini hakulia. Alikaa mezani, akaniambia alichokiona. Mtu anayeijua nchi ile haendi sawasawa. Anazunguka tope jeusi, anakwepa vichaka vya miiba, anapitia kisimani kuuliza. Lori lile halikuzunguka chochote. Lilivunja miiba, likazama topeni likajikwamua, likapita mbali na kisima bila kusimama. Lilitoka barabarani mpaka kwa Kadar limenyooka kama kamba iliyovutwa.

"Hawakuuliza mtu," alisema. "Waliambiwa kabla hawajatoka."

Akaenda kwa Mohamedamin mchana, wateja wamejaa. Hakupiga kelele. Alimwuliza nani alinunua mahali pa Kadar. Mohamedamin alimkaribisha chai, akampa pole, akamwita abaayo, kama mtu anavyomwita dada yake. Akamwambia hakumbuki, wanunuzi ni wengi. Weris hakuondoka. Hapo ndipo yule bwana alipochoka na adabu yake, akasema neno lililozunguka mji kabla ya magharibi.

"Mimi nauza mahali, abaayo. Siuzi watu."

Wateja wengine walicheka. Weris aliwatazama mmoja mmoja, akawajua, akatoka.

Wazee waliitwa. Walikaa, wakazungumza sana, wakakwama. Aliyeua hajulikani. Aliyeonyesha njia anakana, na hakuna aliyemsikia akionyesha. Mashine haiwezi kuapishwa. Mzee mmoja alimshauri Weris amwachie Mungu. Akajibu kwamba Mungu ana sehemu yake, na yeye anataka sehemu yake. Alitaka mambo mawili: jina la mnunuzi, na Mohamedamin alitamke mwenyewe mbele ya watu. Bila hayo, alisema, ni kama Kadar ameuawa na mvua, na mvua haidaiwi.

Jioni ile, mitungi ilipokuwa inafungwa kwenye Land Rover, Weris aliongea na kila mwanamke aliyepanda. Neno lilikuwa moja kwa maboma yote. Mtu wa Mohamedamin akija, mkaribisheni. Mpeni maziwa. Mwacheni asome nambari zake, wala msimdanganye chochote. Akiondoka tu, hameni.

Sasa, msomaji wa mjini asidhani kuhama ni jambo dogo. Ni wanawake wanaobomoa nyumba, wanaofunga miti na mikeka juu ya ngamia, wanaokata miiba mipya ya boma huku viganja vinavuja damu. Wapo waliomtukana Weris. Mmoja alimrudishia mtungi mtupu na ujumbe kwamba kama ana uchungu sana, aje akate miiba mwenyewe. Weris alipanda gari siku ya pili, akakata, akarudi na mikono imechanika, akauza maziwa. Baada ya hapo hawakubishana tena. Wote walikuwa na kaka.

Wanunuzi wakaanza kurudi kwa Mohamedamin na malori matupu. Walikuwa wamefuata mshale mpaka mwisho, wakakuta majivu na kinyesi cha ngamia. Mohamedamin aliwaambia mashine haikosei. Na kweli, haikukosea. Mahali palikuwepo. Watu ndio hawakuwepo. Aliwatuma vijana wake wasome upya, wakapokelewa kwa heshima, wakanywa maziwa, wakaleta nambari mpya, na wanunuzi wakakuta majivu mapya. Kwenye vibanda vya chai watu wakaanza kumuuliza bei ya majivu leo ni ngapi. Weris alikuwa akipita mbele ya ofisi yake kila asubuhi na mtungi wake, taratibu, na kumsalimia kwa jina lake kamili.

Kiburi ndicho kilichomtoa Mohamedamin mjini. Wakati jua lilipokuwa kali kuliko siku zote, alisema atakwenda mwenyewe awaonyeshe watu. Alichukua gari lake dogo la kubebea mizigo, dereva, kifaa na ile simu. Akafuata mshale. Kwenye tope lililokauka na kupasuka, ekseli ikavunjika. Walijikokota kwa miguu mpaka boma walilokuwa wanaliendea. Lilikuwa limehama. Maji waliyobeba yalikuwa ya watu wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Alifungua simu yake, akapiga simu ya posta iliyokuwa kwenye duka la taar, Garissa. Taar ni redio ya kupiga na kujibu. Watu wa Rhamu, Wajir, Mandera, Dagahaley, wote walikuwa wakiitana kwa taar, na unapoongea wewe, wengine wote wanaosubiri zamu wanakusikia. Mwenye duka aliitwa Maalim, kwa kuwa zamani alifundisha Kurani. Mohamedamin akamsomea nambari za mahali alipo. Maalim akaziandika, akazitazama, akamwambia ukweli: nambari ni nzuri, lakini hapa mjini hana wa kuzifuata, vifaa vyote wameondoka navyo wanunuzi, na huko porini hakuna anayezisoma. Amweleze kama watu wanavyoelezana. Mohamedamin akasema: boma kubwa, mgunga ulioanguka mlangoni, majivu yana joto chini.

Maalim aliiacha simu wazi, akaja kwetu mbio, joho lake mkononi. Weris alijua papo hapo. Lilikuwa boma la Hawo, binamu yake. Na alijua Hawo alikohamia, karibu tu na pale, na maji ya kutosha. Katika mji mzima yeye pekee ndiye aliyejua.

Alinawa mikono kwanza. Akaniambia nimwangalizie meza, kisha akabadili mawazo, akaniambia nifunge nije nishuhudie. Dukani alimwomba Maalim awashe taar na kuziita stesheni zote. Halafu akachukua mkono wa simu ya posta na kuubandika kwenye maikrofoni ya taar, ili sauti ya Mohamedamin itoke kote.

Mohamedamin alipojua anaongea na nani, alisema betri inakwisha.

"Basi usiipoteze," alisema Weris. "Dereva wako atapata maji yake, hana deni na mimi. Wewe nakusikiliza kwanza. Nani alinunua mahali pa Kadar?"

Akasema watazungumza akirudi. Akasema atalipa. Akasema yeye ni Mwislamu mwenzake. Tulisikia upepo ndani ya simu, na dereva nyuma yake akimwambia kwa sauti kavu, "Mzee, mwambie huyu mama."

"Mursal," alisema Mohamedamin. "Mursal wa mpakani."

"Ulijua ana bunduki?"

"Nilijua."

"Ulijua anakwenda kufanya nini?"

"Hajanunua kondoo wa mtu hata siku moja. Nilijua."

"Taja jina lako na la baba yako, kisha useme yote tena. Rhamu hawakusikia."

Rhamu walikuwa wamesikia. Mpigaji wao alikwisha kusema wamesikia, nami nilimsikia akisema. Mohamedamin akarudia yote, jina lake, jina la baba yake, Mursal, bunduki, na sauti ikamkatika katikati akalia kama mtoto. Weris alimwacha alie mpaka amalize. Ndipo akamwambia Maalim aite kituo kilicho karibu na Hawo, wapeleke punda na maji. Akaenda kufungua meza.

Walifikiwa wakiwa hai wote wawili. Wazee safari hii hawakukwama, watu wa taar nne walikuwa mashahidi. Ngamia wa damu, fidia ya Kadar, walitolewa, Weris akawaweka kwa jina la Ikran, hakunywa maziwa yao. Ofisi ilifungwa. Mohamedamin kila alikopita, hata watoto wa madrasa walimuuliza, "Uko wapi, Mohamedamin?" Alihamia mji mwingine. Huko nako wana taar.

Watu walimwambia Weris sasa atulie. Yule bwana ameaibika, damu imelipwa. Yeye alisema Mohamedamin alikuwa mlango tu. Mursal hakuja kwenye baraza la wazee, na jamaa zake walimkana. Alikuwa akihama kila usiku kati ya nchi mbili, hana boma, hana kisima cha kudumu.

Ikran alipomaliza mtihani wa mwisho wa sekondari, Maalim alimpa kazi kwenye duka la taar. Siku ya kwanza Weris alikwenda naye, akakaa kwenye kiti cha wateja, magoti yakimuuma. Mimi nilibeba mtungi wa Maalim, ndiyo maana nilikuwepo. Akamwambia yule msichana amsikilize vizuri, kwa sababu yeye meza imemchosha na kazi hii inahitaji mtu mwenye miaka mingi mbele.

"Ni kumtafuta Mursal, eeddo?" aliuliza Ikran. Eeddo ni shangazi.

"Kumtafuta kuna watu wengi. Wewe utamjulisha. Kila mtu akija hapa kutoka upande wa mpaka, muulize kwa adabu, amemwona wapi. Watakuambia, hawadanganyi. Kisha mtumie Mursal salamu kwa taar, kupitia jamaa zake, za mahali alipolala. Jina la mahali tu. Usitukane, usitishe."

"Na akihama?"

"Mtumie la huko alikohamia. Usimguse, usimwambie mtu mwingine amguse. Nataka alale kila mahali akijua tunapajua."

Ikran alivaa vile vitu vya masikioni, akavirekebisha juu ya mtandio.

"Anza na Rhamu," alisema Weris. "Juzi alikuwa akinywesha punda Mto Daua, mpakani. Uliza ni upande upi."