Mikono Juu Mkwajuni

Siku ya kwanza kazini niliingia stesheni ya Mkwajuni na mtoto mgongoni, kwa sababu dada wa kazi alikuwa ameniaga asubuhi ileile. Stesheni Masta, ndiye mkuu wa kituo, alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Niliomba pointsmani mmoja, wameniletea wawili?"

"Huyu wa mgongoni yuko mafunzoni, mzee."

Akacheka, akanipa kofia. Wanaodhani kumbukumbu za kazi ni za wenye mvi tu, shauri yao. Nina miaka thelathini na moja na kazi yangu imekwisha. Nawaandikia ninyi mnaomaliza kidato cha nne, mnaopita pale Mkwajuni mkidhani ni gofu.

Si gofu! Yale mawe yalipangwa enzi za Wajerumani, Dodoma haijawa mji wa kuitwa mji. Injini za mvuke zilinywa maji pale. Tangi la chuma bado lipo, kunguru wanazalia humo. Stesheni Masta alinisimulia jinsi ng'ombe walivyopakiwa mpaka vumbi likaziba jua, na familia kutoka Hombolo zilivyolala ukumbini na vikapu vya zabibu zikingoja treni. Ikaja lami, yakaja mabasi, ikaja treni ya umeme na stesheni yake kubwa upande mwingine. Sisi tukabaki na treni ya abiria ya reli ya zamani, nayo husimama ikioneshwa bendera nyekundu tu. Isipoiona, inapita.

Pointsmani ndiye anayeigeuzia treni njia. Anavuta wenzo mzito, ncha za reli zinasogea, treni inaingia njia hii badala ya ile. Siku ile niliuvuta, ukanivuta.

"Usishindane nao," Stesheni Masta akasema. "Ulalie."

Akanifundisha na ishara. "Ukikuta mtu au ng'ombe relini na huna bendera, inua mikono yote miwili juu ya kichwa. Hiyo ni hatari. Dereva haulizi, anafunga breki. Kwa hiyo usijinyooshe karibu na reli ukipiga miayo!"

Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Mpaka, miezi kadhaa baadaye, akaja Mkaguzi kutoka makao makuu ya reli.

"Mama, hapa hapana watu. Tunakifuta kituo hiki kwenye ratiba."

Hapana watu! Vijiji vya huko mbele, masika basi halifiki. Wajawazito wanaletwa hospitali kwa treni hii, wakishuka Mkwajuni. Nimewashusha kwa mikono yangu hii.

"Watu wapo," nikamjibu. "Hawajui tu kama treni bado inasimama."

"Basi nioneshe. Jumamosi nakuja mwenyewe. Nikiona abiria wanapanda, kinabaki. Nisipowaona, nafunga."

Nikazunguka mtaa wa jirani wa Nkuhungu nyumba kwa nyumba, mtoto mgongoni, nimevimba kwa hasira. Nikamfikia Bibi Matika, kiongozi wa akina mama wanaopiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo.

"Bado inasimama?" akaruka. "We mtoto! Binti yangu ameolewa kijiji cha huko mbele relini, sijamwona tangu masika, na wewe umekaa kimya?"

"Njoo Jumamosi, bibi. Na wenzio. Na nauli."

Walikuja! Jukwaa lilijaa mabeseni, kuku, ngoma, watoto. Mkaguzi alikosa pa kusimama. Mimi nilikuwa mwisho wa jukwaa kwenye wenzo, Stesheni Masta katikati na bendera yake nyekundu. Treni ikapiga honi kwenye kona. Hapo ndipo nikaona balaa: watu wamemziba Stesheni Masta, na bendera imemezwa na khanga. Treni haipunguzi mwendo. Inapita!

"Rudini nyuma! Bendera haionekani!"

Nani anisikie, na ngoma zile? Bibi Matika alipokiona kichwa cha treni, akaiacha ngoma yake, akasogea ukingoni.

"Mbukwenyi!" akapaza sauti, salamu ya kwao. Akanyanyua mikono yote miwili juu kabisa, kama wanavyompokea mgeni. Wenzake wote nyuma yake wakanyanyua, mstari mzima, na vigelegele.

Chuma kikalia. Cheche, moshi, mabehewa yakagongana, treni ikasimama. Dereva akaruka chini, jasho linamtiririka.

"Hatari iko wapi?"

"Hatari ni wewe, baba," Bibi Matika akamjibu, "ulitaka kutuacha!"

Jukwaa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka huku nalia. Wakapanda, wakasukumana, kuku mmoja akatoroka, Mkaguzi akasema neno moja tu: "Kinabaki."

Sasa sikieni malipo yangu. Wakubwa waliniita kwa sababu treni ilifunga breki ya dharura bila hatari.

"Nani aliwafundisha raia ishara ya hatari?"

"Hakuna. Ni salamu yao."

"Nani aliwaita?"

"Mimi."

Mkataba wangu haukuongezwa. Stesheni Masta aliwaambia usoni, "Mmemwonea huyu binti," wakamwambia akae. Hafla ya kukipongeza kituo ilipofanyika, maua alivishwa Mkaguzi. Nilimtazama nikiwa nje ya uzio.

Sitawadanganya kwamba nimesamehe. Ila mkiniuliza kama ningewaita tena wale akina mama, ningewaita hata kesho, na ngoma zao.

Mwezi uliopita nilikata tiketi, mara ya kwanza kupanda hapo kama abiria. Pointsmani mpya hanijui. Akanipungia mkono.

"Mama, rudi nyuma ya mstari, treni inaingia."

Nilitaka kumwambia mengi. Nikarudi nyuma, nikamkanyaga mtu; jukwaa lilikuwa limejaa. Nikasogea pembeni, nikamkanyaga mwingine.