Kochi la Shemeji

Shemeji yangu ni fundi makochi, na tangu nimfahamu hajawahi kukosea. Wanaokosea ni mbao, wateja, hali ya hewa na mke wake, ambaye ni mdogo wangu. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hata ya salamu anainama kuchungulia uvungu wa viti, kisha anaguna. Jina la Fundi Mkuu amejipachika mwenyewe. Sisi tunalitumia akiwepo tu.

Alipopata kazi ya kutengeneza viti vya hoteli moja nchi ya jirani, alitutangazia kama waziri anayesoma bajeti. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya kwanza, anaogopa, na alimtaka mama aende naye. Mama, aliyekuwa akiishi nao, alikubali kwa sharti moja: paka wake naye aende. Simlaumu. Tangu baba afariki, yule paka ndiye pekee anayemsikiliza mpaka mwisho.

"Paka hana shida," shemeji alisema. "Nimemtia adabu. Hajawahi kugusa kochi langu."

Mama na mdogo wangu waliangaliana. Kochi lenyewe, lile kubwa la sebuleni alilolitengeneza kwa ajili ya harusi yake, lilikuwa limechanika kitambaa cha chini, na kila mchana paka alijipenyeza humo akalala katikati ya springi. Nyumba nzima ilijua isipokuwa mwenye kochi. Nani angethubutu kumwambia? Mtu ambaye ukimwambia chai imepoa, anakueleza kwa nini hujui kunywa chai!

Siku ya kuhama, wanawake tukiwa jikoni tunafunga vyombo, Fundi Mkuu alilala chali sakafuni kulikagua kochi lake, akaona pale palipochanika. Mwenye akili zake angeliacha hivyo hivyo, maana lori lilikuwa nje na dereva anapiga honi. Yeye akatoa sindano yake iliyopinda, akashona mshono wa kujionyesha, eti hawezi kuvuka mpaka na kochi lenye aibu. Kisha akawaita wabebaji, wakalipakia.

Ndipo mama akatoka na kizimba kitupu mkononi.

"Paka simwoni."

Tulimtafuta kabatini, bafuni, nyuma ya matangi. Mdogo wangu alidhani paka ameruka kutoka ndani ya kochi lilipoinuliwa, akatoka kumwita barabarani, tumbo lake mbele.

"Tutapata mwingine hukohuko," shemeji akasema. "Paka ni paka."

Mama akakaa kizingitini, kizimba mapajani. "Basi nendeni salama, wanangu."

Mdogo wangu aliangua kilio. Nilitamani kumzaba kibao yule mwanamume, naye hata hakugeuka kumtazama mkewe. Akamwamuru dereva awashe gari.

Injini ikanguruma, na kochi likaitikia. Nyaau!

Dereva akazima gari. "Bosi, kochi lako linalia."

Shemeji akacheka kwa dharau. "Ni springi hizo."

Likalia tena, safari hii kwa hasira.

"Basi springi zako mbovu," dereva akasema.

Majirani walikuwa wamejaa barabarani kuwaaga, na nusu yao nyumbani kwao wana makochi yake. Shemeji aliwatazama, kisha akalitazama kochi. Ama springi zake zinalia, ama paka yumo. Sijawahi kufurahi vile, na sioni haya kusema.

Akapanda lorini, akachomoa kisu, akauchana mshono wake mwenyewe. Paka akatoka na vipande vya sponji masikioni, akampita bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kwa mama.

"Mlijua analala humu?"

"Tangu kitambaa kilipochanika," mama akasema.

"Na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

Mama alimtia paka kizimbani taratibu, akafunga kimlango. "Mwanangu, wewe huambiliki."

Mdogo wangu alifuta machozi, akamshika mama mkono wakapanda. Kochi likapita mtaa mzima likiwa juu ya lori, matumbo nje.

Mtoto amezaliwa salama, mama yupo naye. Paka bado analala mlemle. Shemeji hajapashona, anasema anatafuta uzi wa rangi inayofaa. Ila mdogo wangu ananiambia kwamba siku hizi, kabla ya kukaa, Fundi Mkuu anabisha hodi kwanza.