Danubi Niliyomletea Bibi

Bibi yangu, aliyenilea hapa Maskati, alikaririshwa mito ya Ulaya skuli huko Unguja, na uliomganda kichwani ni Danubi. Babu alimuahidi kumpeleka, akafariki kabla. Sasa macho yamefifia. Nilipopata nafasi ya kwenda Budapest akanambia, "Usiniletee picha. Nnataka unisimulie mpaka niuone." Skuli mimi sikufika mbali, nikaogopa nitarudi na maneno matatu tu: maji, daraja, baridi.

Alfajiri ya safari akanitilia begini dalla, lile birika letu la kahawa, na finjani na kahawa ya iliki. Njia nzima kutoka kwetu Mabela hadi uwanja wa ndege nilikuwa natabasamu peke yangu.

Budapest niliingia jioni. Mto mpana, rangi ya chai ya maziwa, umeupasua mji: Buda vilimani, Pest tambarare. Nikazunguka ukingoni hadi miguu ikauma. Nilichopata? Maji, daraja, baridi.

Asubuhi iliyofuata nikapika kahawa, nikamkaribisha mwenye nyumba niliyofikia, Mama Ilona, kizee mkimya. Nikammiminia, akanywa. Nikaongeza, akanywa. Kwetu mgeni akitosheka hutikisa finjani. Yeye hatikisi, nami nitamnyimaje? Mwisho akajishika kifua.

"Mwanangu, kahawa hii haina mwisho?"

"Mpaka utikise finjani, mama."

"Kumbe ulikuwa unangoja nife."

Tulicheka hadi machozi. Kisha akauliza, "Mbona unauangalia mto kama umepoteza kitu?" Nikamweleza habari ya Bibi. Akavuta kiti dirishani.

Kwa Kiingereza cha kuungaunga akanisimulia: Warumi waliufanya mto huu mpaka wa dola yao, Waturuki wakaja, wakaacha mahamamu ambamo watu wanaoga mpaka leo. Vita vya Pili vya Dunia vikavunja madaraja yote, na mama yake akavuka kwa boti, barafu ikigonga ubao, kumtafuta dada yake Buda.

"Alimpata?"

"Alimkuta anachemsha viazi."

Niliporudi Mabela, nikamimina kahawa na kusimulia yote. Bibi alifumba macho. Kwenye viazi akacheka, akasema taratibu, "Nnauona." Nikamshukuru Mama Ilona kimoyomoyo, bila yeye ningeleta baridi tupu.

Bibi akaninyooshea finjani, mkono umetulia.

"Bibi, hadithi imekwisha."

"Umeniona nimetikisa?"

Nikamimina, nikaanza tena pale boti inapoacha ukingo.