Nilimufukuza mukimbizi sababu ya maharagi yaliyoota mu gazoni yangu

Wakuu, bakaka na badada wa hapa, nawasalimia.

Niko bibi wa Masisi, watu wananiita Koko, ni kusema bibi. Nilisoma mpaka ya tatu primaire tu, basi musinihangaishe na maandishi. Ninayoandika niliyafanya mimi mwenyewe, na nayaonea haya.

Ilikuwa wakati wa vita. Lupango yangu, kiwanja cha nyumba, iko ku mulima, na kila mvua ilikuwa inabeba udongo. Mutoto wangu Justin alikuwa anafanya kazi ya barabara Goma. Kule walikuwa na mashini inayorusha mbegu za majani mafupi, ile gazoni, pamoja na maji, karatasi iliyosagwa na rangi ya kijani. Majani yakiota, yanashika udongo.

Justin akanipigia: "Mama, nitakuletea ile mashini. Toa mawe yote. Lima, sawazisha na rato ya meno. Kisha uache hivyo hivyo, usiweke kitu."

Nikatoa mawe siku ine. Nikalima. Nikasawazisha.

Lakini mawingu yakakuja. Wakuu, sisi watu wa milima hatuachaka udongo uchi mbele ya mvua. Ni haya, kama kuacha mutoto bila nguo. Nilikuwa nimetoka kupiga maharagi, maganda yalikuwa lundo nyuma ya nyumba. Nikayamwaga yote, nikayachanganya na udongo. Justin sikumuambia.

Mashini ikakuja, ikarusha mbegu na rangi yake. Lupango ikakuwa kijani kama mulango uliopakwa rangi. Jirani yangu Mama Riziki akacheka ku njia: "Eh Koko, umechoka na kulima, sasa unapaka!"

Wakati huo nilikuwa nimepokea mama mumoja ku nyumba yangu ya jiko. Mama Furaha, mutu wa Mpofi, Walikale. Alikimbia na mabinti wake wawili, walitembea siku nyingi mu pori. Mbele ya mashini kufika, aliniomba kipande kidogo pale pembeni, apande mboga. Nikamukatalia. Nikasema gazoni haitaki mboga.

Kisha juma moja, naamuka, naona maharagi. Yameota kila pahali, yametangulia majani.

Musicheke. Kwetu, mutu akipanda mu udongo yako, kesho anasema iko yake. Vita nyingi zilianza hivyo.

Nikatoka na sauti, majirani wote wakasikia: "Mama Furaha! Nilikukatalia kipande, ukajichukulia! Kesho utasema ni ya babu yako?"

Akatoka na moshi mu macho. "Koko, sijapanda kitu."

"Maharagi yalijipanda?"

Akaniangalia. "Koko, mbegu ningetoa wapi? Kama ningekuwa na maharagi, batoto si wangekula?"

Neno hilo lilipaswa kunifunga kinywa. Halikunifunga. Nikatupa mukeka wake ku njia. Mvua ilikuwa inaanza. Akafunga mutoto mudogo mugongoni, mukubwa akabeba sufuria, wakaenda. Mama Riziki hakucheka tena.

Kisha siku mbili nikainama kungoa. Mumea mumoja ulikuwa bado umevaa ganda ku kichwa. Nikalifungua: ndani mulibaki mbegu moja, nyekundu yenye madoadoa meupe. Mbegu yangu. Ile ambayo mama mukwe alinipa nikiolewa.

Nikaketi chini mu matope.

Na tazameni ubaya wangu: nilinyamaza juma tatu. Bibi muzima, ninayefundisha wengine adabu.

Kisha nikamufuata ku masomo, ile shule ambako wakimbizi walikuwa wanalala. Nikamuvuta pembeni, nikamuambia polepole: maharagi yalitoka mu maganda yangu, unisamehe.

Hakulia, hakukasirika. Akasema: "Koko, ulinitukana mbele ya watu. Musamaha unaniletea pembeni?"

Alikuwa na haki. Nikamuambia siku ya Mungu, Jumapili, nitarudi na majirani, nitasema wazi. Akaitika.

Jumamosi masasi ya bunduki yakalia. Watu wakakimbia kila upande. Siku ya Mungu nilifika na Mama Riziki na wengine, tukakuta milango wazi na majivu ya baridi. Tangu hapo sijamuona. Wengine wanasema alirudi njia ya Walikale, wengine wanasema Itebero. Sijui.

Njo maana naandika hapa, mbele ya watu: Mama Furaha wa Mpofi hakupanda kitu kwangu. Mukosa ni mimi.

Fundisho? Ukiona kitu kimeota kwako, angalia kwanza mikono yako mwenyewe. Na yule anayekuambia usiweke kitu, umusikie.

Andikeni munavyotaka, hata kunigombeza, nitasoma yote. Lakini kama kuko mwenye kumujua, amuambie hivi: maharagi yale sikuyangoa. Niliyaacha yakomae, mbegu ziko mu chupa. Na pale pembeni nilitoa gazoni, nikalima.

Kipande chake kiko.