Msalaba wa Shaba Katika Mihogo ya Mama

Mama alilifikia kaburi lile kwa jembe. Alikuwa anachimbua mihogo katika shamba lake karibu na ziwa Kisale, jembe likavunja chungu. Chini ya chungu palikuwa na mifupa, na kifuani msalaba mdogo wa shaba, umegeuka kijani. Akanipigia simu, nami nikapanda pikipiki kutoka Kamina, vumbi mpaka kwenye meno.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba wazee wa ziwa hili walizikwa na misalaba ya shaba karne nyingi kabla padri wa kwanza hajafika. Njiani nilijiona mtu muhimu, nakiri.

Nikakuta mambo yamekwisha. Katekista wa kijiji alikuwa ametangulia. Maiti ana msalaba, basi ni Mkristo, nani abishe? Mifupa ilikuwa ndani ya sanduku jipya, na kamba imezungushwa shamba zima, kwa sababu, wanakijiji walisema, Mkristo hazikwi peke yake. Kuanzia siku hiyo pale ni makaburi, hapalimwi.

"Huyu alikufa kabla ya misheni," nikasema. "Misalaba hii ilikuwa pesa, walikuwa wakinunulia vitu."

Katekista alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, muntu banamuzika na musalaba, weye unasema iko makuta?"

Watu wakacheka. Nikapandisha sauti, nikataja karne hii na karne ile. Haikusaidia kitu. Shamba lile ndilo lililonisomesha hiyo historia, na Mama hana jingine.

Nikamgeukia. Ardhi ni yake, neno lake moja lingetosha. "Mama, kataa."

Alikuwa anapangusa udongo kwenye jembe kwa kidole. "Papa," akasema, jina analoniita tangu utotoni, "minyi njo nilimuvunjia chungu. Miaka yote nalima juu yake, nakula. Sasa niseme haiko muntu ya Mungu?"

"Na utakula nini?"

Alimwita katekista, akamwonyesha pembe ya shamba iliyo upande wa maji, ambako mihogo yake hunenepa kuliko kwingine.

"Basi pale munichungie minyi nafasi ya kaburi yangu," akamwambia. "Nisitoke mu shamba yangu."

Katekista akapapima kwa hatua, akaniomba nisimame kwenye kona ili asipoteze kipimo. Nikasimama.