Kadi Thelathini na Nane za Mama Grisi

Wakikwambia mashine namba nne ilifufuliwa na mtaalamu mwenye kompyuta, kataa. Nilikuwepo. Mimi ni fundi mitambo wa kiwanda kile cha sabuni, na katika habari hii nilikuwa upande wa wabaya, kwa hiyo ushahidi wangu uamini.

Aliyeifufua ni mwendeshaji wake, mwanamke tuliyemwita Mama Grisi. Jina lilikuwa la kejeli, na mtungaji ni mimi. Alianza kazi akiwa msichana wa kupanga sabuni kwenye maboksi, kutwa nzima kwa miguu. Miaka sita baadaye akapewa namba nne, mashine inayoivalisha sabuni karatasi, na pamoja nayo kiti. Kiti kile alikipenda, na hakuficha. Mama yake alikuwa mshona nguo, ambaye kila Jumapili aliifungua cherehani yake, akaitoa nyuzi na vumbi, akaitia mafuta. Mama amezikwa, cherehani inashona mpaka leo. Mtu aliyelelewa hivyo akiona mashine inafutwa vumbi siku ya wageni tu, lazima roho imuume.

Lakini sheria ilikuwa moja: mwendeshaji abonyeze kitufe cha kijani na chekundu, mengine amwachie fundi. Siku moja alikaza nati iliyolegea. Nikamshitaki, akapewa barua ya onyo. Niliona anataka kunitilia mchanga kitumbua changu. Aliisoma barua, akaikunja mara nne, akaniuliza, "Fundi, ile nati imekaza au haijakaza?"

Ilikuwa imekaza, na hilo lilinikera zaidi.

Miaka ikapita, akaja yule mtaalamu mwenye kompyuta na utaratibu mpya: utunzaji wa mashine ni kazi ya kila mtu. Mwendeshaji asafishe mashine yake, aikague, aitie mafuta, akaze kilicholegea. Akikuta kasoro iliyomzidi, afunge kadi nyekundu palepale na kuandika tarehe, fundi aje. Sisi mafundi tulicheka, kicheko cha hasira. Mama Grisi alichukua bunda zima la kadi.

Meneja ndiye aliyeharibu. Alitundika ubao mlangoni, akaandika kila mashine ina kadi ngapi, na yenye kadi chache ikasifiwa kuwa bora. Wiki mbili hazijapita, kiwanda kizima kikapona ubaoni. Namba mbili ilikuwa na kadi sifuri, na chini yake boksi lililotandazwa kunyonya mafuta yaliyokuwa yanavuja. Namba nne ilikuwa na thelathini na nane.

"Mama, hata refa hatoi kadi nyingi hivyo," nilimtania.

"Refa hamngojei fundi," akanijibu bila kugeuka.

Alikuwa na haki. Kasoro ndogo alizimaliza mwenyewe. Zile thelathini na nane zilikuwa zangu, na kila asubuhi nilizipita nimevaa miwani ya mbao. Nilitaka achoke, utaratibu ufe, spana zibaki zetu.

Ikaja habari kwamba wenye kiwanda watapita Alhamisi kuamua mashine ipi iuzwe chuma chakavu. Jumatano mchana msimamizi wa zamu akamfuata Mama Grisi na mfuko wa plastiki.

"Dada, toa hizo kadi, tia humu. Wakubwa wakiziona mashine inauzwa, na wewe unarudi kwenye maboksi."

"Kadi itatoka kasoro ikitoka."

"Unamwaga mchele kwenye kuku wengi."

"Niliwaonyesha ninyi kwanza, mkaufunika. Sasa wacha kuku wale."

"Utarudi kwenye maboksi, nakwambia."

"Nilitoka huko. Njia naijua."

Msimamizi akanyoosha mkono kwenye kadi iliyofungwa karibu na kisu cha karatasi. Mama Grisi, mfupi wa kumfika kifuani, akaifunika kwa kiganja na kumtazama. Msimamizi akaondoka na mfuko wake mtupu. Kisha yule mama akakisukuma kiti chake mpaka ukutani, akamaliza zamu kwa miguu. Mimi niliona aibu nikaenda kunywa chai.

Alhamisi wakaja, na mkubwa wao, mzee mnene wa maneno machache, akasimama mbele ya namba nne.

"Hii ndiyo maiti yenyewe?"

"Ndiyo, mzee. Imechoka," akasema meneja.

"Mzee, soma tarehe kwanza," akasema Mama Grisi.

Mzee akavaa miwani. Alisoma kadi moja, ya pili, akazunguka nyuma ya mashine akiinama. Ya zamani kabisa ilikuwa na wiki saba. Kila moja iliandikwa chini: anasubiriwa fundi.

"Fundi ni nani?"

Wenzangu wakatazama viatu vyao. Nina watoto wanne, na uongo nilikuwa nao tayari ulimini: vipuri hakuna. Nikamwona yule mama amesimama, kiti chake bado kiko ukutani.

"Ni mimi," nikasema. "Haijafa, mzee. Haijaguswa tu."

"Kwa nini?"

"Kiburi changu."

Mzee alivua miwani. "Ipewe siku kumi itengenezwe," akamwambia meneja. "Na ule ubao wa mlangoni ushushe leo."

Walipoondoka nilifungua sanduku langu, nikatoa spana, nikampa mkononi. Hakuipokea. Aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa miaka na kujaa alama za grisi.

"Hii uliiandikisha wewe," akasema. "Nenda ofisini ikafutwe kwanza. Mimi sikazi nati kama mwizi."

Nikaenda. Niliporudi na barua iliyopigwa mstari na kutiwa sahihi, alikuwa amekirudisha kiti chake mahali pake, amekikalia, mkono ameunyoosha kwangu.

"Sasa lete spana," akasema. "Na wewe ushike taa."